Biashara ya Ujuzi

Timbwani ni sehemu ya Likoni, ng'ambo ya kusini ya Mombasa, ukingoni mwa Bahari ya Hindi. Kila siku ya kazi, alfajiri, watu wa Timbwani na wa mitaa jirani huteremka kivukoni wakavuka kwenda kisiwani kutafuta riziki. Feri zimekuwa zikivusha watu hapo tangu mwaka 1937. Ukiwatazama abiria hao utaona kwamba karibu kila mmoja ana kitu anachokwenda kuuza. Huyu ana samaki kikapuni. Yule ana mafungu ya mchicha. Wa tatu hana kitu mikononi, ila mikono yenyewe ndiyo aiuzayo. Katika umati huo yumo pia mtu mwenye mkoba mwembamba wenye karatasi chache. Naye ni mfanya biashara. Bidhaa yake ni mafunzo: mafunzo ya kuweka hesabu, ya kazi za forodha, ya kuendesha mitambo, ya usalama kazini, ya kupokea wageni hotelini. Huingia ofisi moja akatoka akaingia nyingine, akiwaomba wenye makampuni wawanunulie wafanyakazi wao ujuzi.

Wewe usomaye insha hii yamkini utakuwa mnunuzi wa bidhaa hiyo karibuni, utakapomaliza shule na kutafuta chuo. Yamkini siku moja utakuwa muuzaji wake. Kwa hivyo ni vyema ujue biashara hii ilitoka wapi, ilipitia mikono ya nani, na ni kitu gani kilichoifanya iaminike kila ilipoaminika.

Bidhaa nyingine zina njia ya kupimwa. Mnunuzi wa kitambaa hukivuta na kukipima kwa yadi. Mnunuzi wa samaki hufunua shavu akaangalia wekundu wake. Mnunuzi wa mchele hutia punje mdomoni. Ujuzi hauna yadi wala pishi. Mtu hulipa leo, husoma mwaka mzima, na hujua alichonunua siku atakapowekwa mbele ya kazi na kuambiwa aifanye. Wahenga walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hiyo ni kweli kwa leso na kwa embe, lakini haitoshi katika biashara ya ujuzi. Ujuzi mzuri haujiuzi, kwa kuwa hauonekani. Nao sharti utembezwe. Ujuzi mbaya hutembezwa vile vile, katika mkoba wa namna ile ile, na pengine kwa maneno matamu zaidi. Basi mnunuzi atautambuaje mmoja na mwingine? Historia ya Mombasa ina jibu, na jibu hilo lina sehemu mbili. Ya kwanza ni kazi inayongoja mwisho wa mafunzo. Ya pili ni shahidi asiyekuwa muuzaji.

Hapo kale, katika miji ya Waswahili, ujuzi ulipatikana kwa uanagenzi. Kijana aliyetaka kuwa mjenzi wa majahazi, mchonga milango, mshona kanzu au mwashi wa nyumba za mawe alipelekwa na mzee wake kwa fundi. Alianza kwa kufagia na kuchota maji. Kisha alishika chombo. Kisha aliachiwa kazi ndogo chini ya jicho la mkubwa wake. Malipo yake yalikuwa utumishi wake. Katika mpango huo hapakuhitajika mtembezaji wa mafunzo. Kazi ya fundi ilisimama njiani ikaonwa na wote: mlango ulikaa sawa katika kizingiti au haukukaa, jahazi lilielea au lilivuja. Kazi ilikuwapo, na shahidi alikuwapo, maana bahari haihongwi. Lakini mpango huo ulikuwa mwembamba. Uliwafundisha wachache, aghalabu wa ukoo wa fundi na jamaa zake, na ulifundisha kazi zilizokwisha kuwapo. Kazi mpya zilipokuja, fundi wa zamani hakuwa na la kufundisha juu yake.

Karne ya kumi na tisa ilizileta kazi hizo. Mwaka 1875 wamisionari wa CMS kutoka Uingereza walianzisha makazi ya Freretown, ng'ambo ya kaskazini ya kisiwa, kwa ajili ya watu waliookolewa katika utumwa. Makazi hayo yalipewa jina la Sir Bartle Frere, na jina hilo lingali likitumika. Pale palifundishwa kusoma na kuandika pamoja na kazi za mikono. Baadhi ya waliokaa pale walikuwa wamekwisha kufundishwa ufundi India, katika makao ya misheni huko Nasik. Kutoka katika jamii hiyo walipatikana walimu, makarani, wakalimani na mafundi. Angalia jambo geni lililozuka hapo. Kazi ya karani haisimami njiani ikatazamwa kama mlango. Mwajiri hawezi kuijua mpaka amwajiri mtu na kumkabidhi kitabu cha hesabu. Kwa hivyo mwajiri alianza kuuliza, si umefanya nini, bali umesoma wapi. Jina la mahali likawa dhamana ya mtu.

Haukupita muda mrefu kabla upungufu wa ujuzi haujaonekana wazi. Reli ilianza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896, ikafika Ziwa la Victoria mwaka 1901. Wajenzi wake walileta wafanyakazi zaidi ya elfu thelathini kutoka India, na miongoni mwao walikuwamo waashi, wahunzi, maseremala na makarani. Somo la reli ni kali nalo halijazeeka. Mahali pasipofundishwa ujuzi, ujuzi huagizwa kama bidhaa nyingine, na mshahara wake humfuata mwenye ujuzi.

Wakati huo, mbali na pwani yetu, ujuzi ulikuwa umekwisha kuwa bidhaa ya kuuzwa kwa bei iliyotajwa. Mwingereza Isaac Pitman alitoa hatimkato yake mwaka 1837, yaani namna ya kuandika maneno upesi kama yanavyosemwa. Na Uingereza ilipoanzisha posta ya peni moja mwaka 1840, aliitumia posta hiyo kuwafundisha watu wasiomwona kwa macho. Huko Marekani, katika jimbo la Pennsylvania, sheria ya mwaka 1885 ilitaka wasimamizi wa machimbo ya makaa ya mawe wafanye mtihani wa usalama, kwa sababu wachimbaji wengi walikuwa wakifa. Mhariri mmoja wa gazeti, Thomas Foster, akaona kwamba wachimbaji walihitaji kufundishwa ili wafaulu. Mwaka 1891 akaanza kuwauzia masomo kwa njia ya posta. Shule yake, International Correspondence Schools ya Scranton, ilienea upesi. Ilituma wauzaji wakabisha hodi milango ya watu, na kabla ya Vita Kuu ya Kwanza walioandikishwa walikuwa wamezidi milioni moja.

Usipite mbio juu ya habari hiyo, msomaji, kwa kuwa wema na ubaya wote wa biashara hii umo ndani yake. Mwanzoni shule ya Foster ilikuwa na nguzo zote mbili: kazi ya usimamizi ilingoja, na mtihani wa serikali ulikuwa shahidi asiyeweza kununuliwa na mwenye shule. Lakini shule ilipokua iliuza masomo ya kila namna kwa kila mtu, na wengi mno walioandikishwa hawakuyamaliza. Muuzaji alipata ujira wa udalali kwa kuandikisha. Hakupata kitu kwa kufaulisha. Pale faida ya muuzaji inapokoma siku ya kuandikisha, uangalifu wake pia huelekea kukoma siku hiyo.

Biashara hiyo ya posta ilifika Afrika ya Mashariki wakati wa ukoloni. Karani wa bandari au wa reli aliyetaka kupanda cheo, na mwalimu aliyetaka cheti cha juu kuliko alichokuwa nacho, waliweza kuandikia vyuo vya Uingereza na kununua masomo ya kupiga taipu, hatimkato, au utunzaji wa vitabu vya hesabu. Bahasha zilisafiri kwa meli. Majibu yalichukua majuma mengi. Mwanafunzi alisoma kwa taa ya mafuta baada ya kazi. Kilichoyapa masomo hayo thamani ni kwamba mtihani ulitungwa na kusahihishwa na chama kingine, kama vile Chama cha Biashara cha London au Royal Society of Arts. Mwajiri wa Mombasa hakumjua aliyeuza masomo, lakini alikijua cheti. Walakini shahidi huyo alikaa mbali, na maswali yake yalitungwa kwa nchi yake. Kijana wa Mombasa alifundishwa kuandika barua ya biashara kwa desturi za London.

Haja ya chuo hapa hapa ikazidi. Mwaka 1948 Taasisi ya Mombasa ya Elimu ya Kiislamu, iliyojulikana kwa kifupi chake MIOME, iliundwa ili kuwapa vijana Waislamu wa Afrika ya Mashariki elimu ya ufundi. Fedha zake zilitolewa na Aga Khan, na Sultani Khalifa bin Haroub wa Unguja, na jamii ya Mabohora, pamoja na serikali ya Uingereza. Majengo yalijengwa Tudor, na wanafunzi wa kwanza waliingia mwaka 1951. Hapa mlipaji alikuwa amebadilika. Katika uanagenzi kijana alilipa kwa jasho; katika masomo ya posta mwanafunzi alilipa kwa mshahara wake; huko Tudor walilipa wafadhili, kwa kuwa waliona hasara ya jamii nzima kukosa mafundi. Baada ya uhuru milango ilifunguliwa kwa wote. Mwaka 1966 chuo kikawa Taasisi ya Ufundi ya Mombasa. Mwaka 1972 kikawa Mombasa Polytechnic. Mwaka 2007 kikawa chuo kikuu kishiriki. Na mwaka 2013 kikawa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Shahidi naye alihamia nyumbani: mwaka 1980 Kenya iliunda Baraza la Taifa la Mitihani, likachukua kazi ambayo zamani ilifanywa nje ya mipaka.

Baada ya wafadhili alikuja mlipaji wa nne, naye ndiye aliyemzaa yule mtu mwenye mkoba tuliyemwona kivukoni. Mlipaji huyo ni mwajiri. Uingereza ilitunga sheria mwaka 1964 ya kuwatoza waajiri fedha za mafunzo, kwa sababu viwanda vingi vilikuwa vikinyang'anyana mafundi badala ya kuwafundisha wapya. Kenya nayo ilifuata njia hiyo kwa kuongeza tozo katika Sheria yake ya Mafunzo ya Viwandani. Na marekebisho ya mwaka 2011 yaliunda Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, iitwayo NITA. Kwa muda mrefu tozo hiyo imekuwa shilingi 50 kwa kila mfanyakazi kwa kila mwezi. Fedha hizo huingia katika mfuko mmoja. Mwajiri akimpeleka mfanyakazi wake katika mafunzo yaliyokubaliwa, kwa mkufunzi aliyeandikishwa, anaweza kudai arudishiwe sehemu ya gharama. Asiyefundisha hulipa vile vile, wala hadai kitu.

Sasa utaelewa kwa nini mtu yule huingia ofisi kwa ofisi. Anajua kwamba kampuni ya mizigo iliyo Kilindini, au kiwanda cha Changamwe, imekwisha kulipa tozo, na pengine haijadai kitu. Kazi yake si kupiga kelele kama mnadi wa sokoni. Sharti kwanza asikilize. Humwuliza mkuu wa wafanyakazi: ni kazi gani inayoharibika hapa kila mwezi? Ni hati gani za forodha zinazorudishwa kwa makosa? Ni mtambo gani uliomwumiza mtu? Kisha huandika pendekezo, akataja siku za mafunzo, idadi ya watu, bei kwa kila kichwa, na jambo ambalo mfanyakazi ataweza kulifanya asiloliweza leo. Hurudi mara ya pili na ya tatu, maana mara ya kwanza aghalabu huambiwa asubiri. Muuzaji mwema huweza pia kusema: haja yenu hii haitibiwi kwa mafunzo, nunueni mtambo mpya, au ongezeni mshahara. Akisema hivyo hupoteza mauzo ya siku moja na hupata kusadikiwa kwa miaka mingi.

Hata hivyo nguzo ya kwanza, yaani kazi inayongoja, inaweza kuanguka bila kosa la muuzaji wala la mnunuzi. Watu wa Likoni wanalijua jambo hili kuliko wengine. Baada ya uhuru utalii ulikua pwani, na mwaka 1975 Kenya ilifungua Chuo cha Utalii jijini Nairobi kwa msaada wa Uswisi. Vijana wengi walijifunza upishi na utumishi wa hoteli, wakapata kazi. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997 kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, ghasia zikaenea, watu wakauawa na maelfu wakakimbia nyumba zao. Wageni wakaacha kuja. Hoteli zikapunguza watu, nyingine zikafungwa. Vyeti havikubadilika hata herufi moja, lakini kazi zilizovipa thamani zilitoweka. Vivyo hivyo kiwanda cha kusafisha mafuta cha Changamwe, kilichoanza kazi mwaka 1963, kiliacha kusafisha mafuta mwaka 2013. Tena mwaka 2017 reli mpya ilianza kutoka Mombasa hadi Nairobi. Makasha mengi yakapelekwa bara kukaguliwa huko, na makarani wa forodha na madereva wa malori wa Mombasa wakalalamika kwamba riziki yao imehamishwa.

Je, tuseme basi kwamba mafunzo ni kamari? Hasha. Tazama kilichobaki baada ya kila msiba huo. Mpishi aliyejua kupika kweli aliweza kupika shuleni, hospitalini au nyumbani kwake akauza. Fundi wa mabomba ya kiwandani alikuwa fundi wa mabomba po pote. Aliyejua kuweka hesabu hakuuliza mwenye duka anauza nini. Aliyefundishwa kubonyeza kitufe kimoja cha mtambo mmoja ndiye aliyefungwa pamoja na mtambo wake. Ujuzi ufaao kununuliwa ni ule wenye mizizi katika kanuni ya kazi, ili kazi moja ikifa mwenye ujuzi asife nayo.

Nguzo ya pili nayo ina maadui. Mahali penye vijana wengi na kazi chache, cheti huwa kama hirizi; mtu hukinunua akitumaini kwamba kitamfungulia mlango. Po pote penye tumaini kama hilo hutokea mwenye kuliuza. Hukodi chumba ghorofani, huandika jina kubwa mlangoni, huahidi stashahada kwa majuma machache, na yeye mwenyewe ndiye mwalimu, mtunga mtihani, msahihishaji na mtoa cheti. Mzazi aliyeuza mbuzi, au mama aliyetoa akiba ya chama chake, hujua amepotea siku mwajiri anapokitazama cheti na kukirudisha bila neno. Hasara hiyo si ya fedha peke yake. Kijana aliyedanganywa mara moja huchukia masomo yote, mema na mabaya, na huo ni wizi usioweza kulipwa. Kwa sababu hiyo Sheria ya Elimu na Mafunzo ya Kiufundi ya mwaka 2013 iliunda mamlaka ya kuvipa vyuo vya ufundi idhini na kuvikagua. Chuo kisichokuwa na idhini hakina haki ya kufundisha, hata kama mlango wake umepakwa rangi nzuri.

Basi, msomaji, siku utakapojiwa na mtu mwenye mkoba, usimfukuze wala usimsadiki upesi. Mkaribishe, umpe kiti, kisha umwulize maswali manne. Mwulize ni kazi gani inayofanywa na mtu aliyejifunza haya, na nani hapa Mombasa anaifanya leo. Kisha nenda ukamwone mtu huyo kazini kwake. Mwulize nani atautunga mtihani na nani atatia sahihi cheti. Mwulize idhini ya chuo ni ya nani, uende mwenyewe kuithibitisha ofisini. Na mwulize yeye hulipwa lini: utakapoandikishwa, au utakapofaulu? Muuzaji mwema hatachukizwa na maswali hayo. Atafurahi kuona kwamba mnunuzi wake ana macho. Muuzaji mbaya atakumbuka ghafula kwamba ana shughuli mahali pengine.

Na ikiwa wewe ndiwe utakayeushika mkoba huo, jua kwamba umeingia katika kazi ya heshima na ya hatari. Fundi wa jahazi alikuwa na bahari ya kumsahihisha, wewe huna. Kosa lako halitavuja maji siku ile ile. Litaonekana baada ya miaka, katika maisha ya mtu mwingine, wakati wewe umekwisha kula ujira wako. Kwa hivyo jiwekee shahidi wako mwenyewe. Weka daftari; andika ndani yake majina ya watu wote uliowauzia mafunzo, na baada ya mwaka mmoja uende ukawaulize wanafanya kazi gani. Muuzaji anayeweza kulifungua daftari hilo mbele ya watu bila haya amestahili kula riziki yake. Asiyeweza, na aache kuuza ujuzi, akauze kitu ambacho mnunuzi anaweza kukipima kwa mkono wake.